Bangi ya kuvuta mwenyewe ikiandikwa ulanguzi: tunapinga vipi, na sheria irekebishwe wapi?

Msaidizi wa Sheria, Kilifi

Salaam ndugu zangu. Naomba mwongozo wa mawakili, maafisa wa probesheni na yeyote anayejua mambo ya maabara. Kila juma tunaletewa kesi za Sura ya 245 ya sheria za Kenya (ile sheria ya dawa za kulevya ya 1994 iliyofanyiwa marekebisho 2022), na nyingi ni za vijana wasiomgusa mtu wala kushika silaha. Kuna aina tatu zinazotukwamisha.

Ya kwanza: kijana amekamatwa na misokoto ya bangi ndani ya mfuko mmoja. Polisi wameandika "takriban gramu 120". Hati ya mashtaka inasema ulanguzi, kifungu cha 4(a)(ii). Yeye anasema ni yake ya kuvuta.

Ya pili: mtu aliwekwa rumande Oktoba 2019, akahukumiwa Juni 2021 miaka 10 kwa bangi ambayo hakimu mwenyewe alikubali ni ya matumizi yake. Leo kosa hilo hilo haliwezi kuzidi miaka 5. Je, anafaidika na sheria mpya?

Ya tatu: msichana alikiri kosa siku ya kwanza, akapigwa faini ya shilingi 50,000 au mwaka mmoja jela. Faini haijalipwa, yuko ndani.

Halafu kuna swali kubwa zaidi. Tumeombwa maoni kuhusu kurekebisha sheria hii kwa watu wasio na ukatili. Tuanzie wapi? Naomba majibu yenye vifungu na hatua, tunataka kuyatumia.

---

Wakili wa Pwani

Salaam. Nianze na hiyo ya tatu kwa sababu kila siku inayopita ni ya msichana huyo. Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kina ngazi ya kifungo cha mtu aliyeshindwa kulipa faini: isiyozidi 500, siku 14, hadi 2,500, mwezi mmoja, hadi 15,000, miezi mitatu, hadi 50,000, miezi sita, zaidi ya 50,000, miezi kumi na miwili. Faini ya 50,000 kamili iko kwenye ngazi ya miezi sita, kwa hiyo huo mwaka mmoja umezidi maradufu. Andikeni barua kwa Naibu Msajili wa Mahakama Kuu mkiomba mapitio chini ya vifungu 362 na 364 vya Sheria ya Utaratibu wa Jinai. Wekeni namba ya kesi, jina la mahakama, tarehe ya hukumu, nakala ya hati ya kumpeleka gerezani, na aya moja tu inayotaja kifungu cha 28. Msichanganye na malalamiko mengine. Barua ya kurasa tano hukaa kwenye meza. Ya nusu ukurasa yenye kosa la wazi la hesabu husomwa siku ile ile.

Tahadhari moja hapo. Kifungu cha 364(5) kinasema mtu aliyekuwa na haki ya kukata rufaa asipoitumia hasikilizwi akiomba mapitio. Aliyekiri kosa bado ana rufaa ya adhabu (348 inamzuia kupinga hatia tu), na muda wake ni siku 14. Kama siku hizo zimepita, ombeni vyote viwili kwa pamoja: jaji aliitishe faili kwa mamlaka yake mwenyewe ya usimamizi chini ya Ibara ya 165(6) ya Katiba, au, akikataa, aongeze muda wa rufaa.

Sasa ya kwanza. Watu wengi husema "sheria ya 2022 imelegeza bangi". Imelegeza upande mmoja tu. Kifungu cha 3, kupatikana na bangi ya matumizi yako mwenyewe, kimeshuka kutoka miaka 10 hadi miaka isiyozidi 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Lakini kifungu cha 4 kimesimama hivi: kati ya gramu 1 na 100, faini isiyopungua milioni 30 au miaka 30, au vyote viwili, zaidi ya gramu 100, faini isiyopungua milioni 50 au mara tatu ya bei ya sokoni, ipi iliyo kubwa, au miaka 50, au vyote viwili. Na angalieni vizuri: gramu hizo ni za dawa yoyote. Gramu 101 za bangi na gramu 101 za heroini zinaingia kwenye chumba kimoja. Msokoto wa nusu gramu, mara mia mbili, tayari uko kwenye mstari. Hilo ndilo donda lenyewe, nitalirudia huko chini.

Kwa hiyo vita vya kijana wenu si vya adhabu. Ni vya kifungu kilichoandikwa kwenye hati. Shambulieni mambo manne.

Kitendo. Ulanguzi katika kifungu cha 2 una orodha: kuingiza nchini, kutoa nje, kutengeneza, kununua, kuuza, kutoa, kusambaza, kuhifadhi, kusafirisha na kadhalika. Mahakama ya Rufaa imeshasema hati lazima itaje kitendo kipi, na ushahidi uthibitishe hicho hicho. Hati inayosema "alilangua bangi" basi, bila kueleza vipi, ina tundu. Inayosema "kwa kuhifadhi" wakati mtu alikamatwa akitembea barabarani nayo ina tundu.

Dalili za biashara. Mizani? Karatasi za kufungia zisizotumika? Noti ndogondogo nyingi? Ujumbe wa simu? Mnunuzi? Kama orodha ya vitu vilivyochukuliwa na polisi haina hata kimoja, mwulizeni askari moja kwa moja akiwa kizimbani, na jibu lake liandikwe.

Uzito, ambao nawaachia wa maabara.

Mazungumzo na upande wa mashtaka. Vifungu 137A na kuendelea vya Sheria ya Utaratibu wa Jinai, pamoja na kanuni za 2018, vinaruhusu makubaliano ya kukiri kosa dogo. Kutoka 4 kushuka hadi 3(2)(a) ni makubaliano ya kawaida kabisa, yanaandikwa na kutiwa saini. Yafanyeni kabla shahidi wa kwanza hajasimama. Baada ya hapo upande wa mashtaka huona umeshatumia nguvu zake.

Mtego mkubwa uko kwenye maneno "akiiridhisha mahakama" ndani ya kifungu cha 3. Mzigo wa kuonyesha kwamba bangi ni ya matumizi yake uko juu ya mshtakiwa. Akisema mapema mno "ni yangu, navuta", amewapa upande wa mashtaka umiliki bila jasho, na ulanguzi bado uko hai juu yake. Maneno hayo yasemwe ndani ya makubaliano, au katika kujitetea baada ya kuamua kwamba umiliki haupingiki. Yasisemwe kituoni.

Na iwapo atapatikana na hatia ya ulanguzi, msikate tamaa. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikikaa Mombasa iliamua kwamba neno la Kiingereza "liable" katika kifungu cha 4 linaonyesha kikomo cha juu, halimfungi hakimu mikono. Uamuzi huo ulikuwa juu ya kifungo cha maisha cha zamani, lakini neno halikubadilishwa 2022. Ajabu ni kwamba faini imeandikwa "isiyopungua", kifungo hakikuandikwa hivyo. Hakimu anaweza kutoa miaka 3 badala ya 30, ila hawezi kutoa faini ya laki moja badala ya milioni 30. Omba kifungo kifupi, usiombe faini ndogo.

---

Mizani na Sampuli

Hapo kwenye "takriban gramu 120" ndipo pa kuanzia. Neno takriban halina nafasi pale ambapo gramu 20 zinamvusha mtu kutoka miaka 30 hadi 50.

Kifungu cha 74A cha Sura ya 245 kinataka sampuli zichukuliwe na kupimwa uzito, na inapowezekana mshtakiwa awepo, pamoja na mchanganuzi aliyeteuliwa, na pia wakili wa mshtakiwa kama anaye. Ombeni maandishi ya siku hiyo. Ulizeni:

Ilipimwa na nini? Mizani ya dukani ya kilo haisomi gramu kwa uhakika. Mizani ya maabara ina cheti cha urekebishaji chenye tarehe, kiombeni.

Ilipimwa na karatasi au bila? Misokoto ina karatasi, mfuko una uzito wake, gazeti lina wake. Kwenye misokoto 150 karatasi peke yake ni gramu kadhaa. Kinachotakiwa ni uzito wa mmea tu.

Ilikuwa mbichi au kavu? Bangi mbichi hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake ikikauka. Hii ina pande mbili: ikiwa ilipimwa mbichi, mshtakiwa amebebeshwa maji. Ikiwa kituo kimeandika 120 na maabara 96 miezi mitatu baadaye, upande wa mashtaka utasema imekauka. Lakini ikiwa maabara imeandika zaidi ya kituo, kuna swali zito kama ni mfuko ule ule.

Kuna mbegu na vijiti? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 unaeleza bangi kuwa ncha za mmea zenye maua au matunda, bila kuhesabu mbegu na majani yasiyoambatana na ncha hizo. Someni fasili ya kifungu cha 2 mkiwa na picha ya kielelezo mbele yenu. Mfuko wenye mabua mazito si gramu 120 za kitu ambacho sheria inakiita bangi.

Ni mingapi iliyochunguzwa? Mchanganuzi akipima misokoto 3 kati ya 150, anajua hiyo 3 ni nini. Kuhusu 147 anakisia kwa sampuli, na ukisiaji huo una masharti: yote ifanane, ichaguliwe bila kupendelea, na ripoti iseme hivyo. Ripoti isiyosema imechagua vipi ni dhaifu.

Na kifungu cha 67 kinahusu ripoti ya mchanganuzi wa serikali. Angalieni alama ya kielelezo kwenye ripoti (mara nyingi A, A1, B) ilingane na ile ya fomu iliyopeleka vielelezo na ile iliyotolewa mahakamani. Kosa la herufi moja linatokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Hata hivyo msitegemee kwamba kila uvunjaji wa 74A utaiua kesi; mahakama huuliza kama umeleta shaka ya kweli juu ya kitu kilichopimwa. Ndiyo maana jengeni swali juu ya uzito, si juu ya utaratibu mtupu.

---

Msaidizi wa Sheria, Kilifi

Ahsanteni sana. Barua ya msichana inaondoka kesho asubuhi. Wakili, ile ya pili hujaigusa. Na mwenye uzoefu wa probesheni, kijana wa kwanza akishushwa hadi kifungu cha 3, jela inaepukika?

---

Afisa wa Probesheni

Inaepukika. Njia ni mbili. Kifungo cha nje chini ya Sura ya 64 (Sheria ya Probesheni), miezi 6 hadi miaka 3. Au kutumikia jamii chini ya sheria ya 1998: inawezekana pale kosa lisipozidi miaka 3, au pale kosa linapozidi lakini mahakama inaona kifungo kinachofaa ni miaka 3 au chini yake. Kwa hiyo kosa la miaka 5 halizuii, mradi hakimu atamke kwanza kwamba yeye angempa 3 au pungufu. Maneno hayo yasipotamkwa, amri inaweza kutenguliwa. Mkumbusheni kwa adabu.

Ripoti yetu ya kabla ya hukumu ndiyo inayobeba uzito, na kinachoiharibu ni kukosa vitu vidogo. Afisa akifika nyumbani asimkute mtu, ataandika "makazi hayakuthibitishwa", na hakimu akisoma hivyo anampeleka ndani. Toeni namba mbili za simu za jamaa, jina la mzee wa mtaa au chifu, mahali anapofanya kazi hata kama ni kibarua, na barua ya kituo cha afya kama yuko kwenye matibabu. Mwambieni mama wa kijana kwamba afisa atakuja na atauliza hata majirani, asishtuke.

Kwa wale wa unga (heroini) ni tofauti na bangi, na hapa naomba msome polepole. Mtu aliye kwenye methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, anakunywa dozi kila siku mbele ya mhudumu. Akikaa rumande siku tatu bila dozi, kliniki haiwezi kumrudishia kiwango chake cha zamani mara moja. Mwili umeshapoteza uzoefu na dozi ile ile inaweza kumwua. Na akitoka akarudia kete yake ya zamani, hatari ni hiyo hiyo. Kwa hiyo siku ya kwanza mahakamani, kabla hata ya kuzungumza dhamana, simameni mseme: huyu yuko kwenye matibabu, hii kadi yake, tunaomba amri ya kupelekwa kliniki kila siku. Hakimu anaweza kuandika hivyo kwenye hati ya rumande. Isipoandikwa, gereza halina sababu ya kutoa gari.

Kifungu cha 58 cha Sura ya 245 nacho kinaruhusu mahakama kuagiza sehemu ya kifungo ipitie kwenye kituo cha urekebishaji. Hakitumiki sana. Kitajeni.

---

Wakili wa Pwani

Ya pili. Ibara ya 50(2)(p) ya Katiba inampa mshtakiwa adhabu iliyo nyepesi kama adhabu imebadilika kati ya siku ya kosa na siku ya hukumu. Yeye alihukumiwa Juni 2021, sheria ilibadilika 2022. Kwa maneno ya ibara, mlango umemfungia kidole. Sheria ya 2022 haikuweka kifungu cha kuwarudisha mahakamani waliofungwa tayari, na huo ni uzembe wa uandishi ambao watu wanaulipia kwa miaka.

Lakini kuna hesabu. Kifungu cha 333(2) cha Sheria ya Utaratibu wa Jinai kinamtaka hakimu azingatie muda wa rumande. Someni hukumu: imesema kifungo kinaanza lini? Ikiwa haikusema, gereza limehesabu kuanzia Juni 2021. Sura ya 90 (Sheria ya Magereza) inampa msamaha wa theluthi moja kwa mwenendo mwema, kwa hiyo miaka 10 ni miezi 80 ndani. Kuanzia Juni 2021 anatoka Februari 2028. Kuanzia Oktoba 2019 anatoka Juni 2026. Miezi ishirini kwa mstari mmoja ambao hakimu hakuuandika. Ombi hilo ni jepesi na majaji wamelizoea. Pelekeni na nakala ya hati ya rumande ya mwanzo.

Sambamba na hilo, ombeni msamaha wa Rais kupitia kamati ya Ibara ya 133. Hapo ndipo hoja ya "leo kosa hili ni miaka 5" ina nguvu, kwa sababu kamati haifungwi na tarehe.

---

Mswahili wa Minnesota

Kuhusu kurekebisha sheria, huku Marekani kuna funzo ambalo lisirudiwe huko. Mwaka 1986 Bunge la huku liliweka adhabu ya lazima ya miaka 5 kwa gramu 5 za kokeini ya mawe, wakati kokeini ya unga ilitakiwa ifike gramu 500. Mia kwa moja, kwa dawa ile ile. Ilichukua hadi 2010 kurekebisha, na hata hapo waliipandisha ya mawe hadi gramu 28 tu, ikawa kumi na nane kwa moja. Na marekebisho ya 2010 hayakuwagusa waliohukumiwa tayari. Watu waliendelea kutumikia vifungo ambavyo serikali yenyewe ilikuwa imekiri si vya haki, hadi sheria nyingine ya Desemba 2018, kifungu chake cha 404, ilipowaruhusu kuomba hukumu upya. Miaka minane kwa sababu ya sentensi moja iliyokosekana.

Hata hiyo ya 2018 ilikosea. Ilipunguza adhabu za wenye makosa ya awali kutoka maisha hadi miaka 25 na kutoka 20 hadi 15, lakini kwa waliokuwa hawajahukumiwa bado tu. Wa jana akabaki na maisha, wa leo akapata 25.

Karibu na kwenu, Shelisheli mwaka 2016 waliondoa adhabu za lazima za chini na ndani ya sheria hiyo hiyo wakaunda baraza la kupitia vifungo vya waliokwisha fungwa. Hiyo ndiyo nakala ya kuwapelekea wabunge.

Na kwa ndugu zetu walio huku bila uraia: msikiri kosa la dawa lolote kabla ya kuzungumza na wakili wa uhamiaji, hata kama adhabu ni faini. Kinachosamehewa katika sheria ya kufukuzwa nchini ni kosa moja tu la kuwa na bangi ya matumizi yako isiyozidi gramu 30. Mahakama ya Juu ya huku Marekani ilisema 2010 kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kukuonya, lakini wengine hawaonyi.

---

Wakili wa Pwani

Ndugu wa Minnesota ametoa neno. Naongeza yanayohusu maandishi ya maoni yenu, Msaidizi. Wabunge hupokea makaratasi mengi ya "adhabu zipunguzwe". Wapeni maneno ya kubandika.

Uzito utenganishwe kwa dawa. Jedwali lenye safu ya bangi, ya heroini, ya kokeini, kila moja na viwango vyake. Msikubali "gramu 1 hadi 100" ya jumla ibaki hata kama adhabu itashushwa, kwa sababu mstari mbovu wenye adhabu ndogo bado ni mstari mbovu.

Mzigo ugeuzwe chini ya kiwango fulani. Chini ya hapo ichukuliwe ni matumizi hadi upande wa mashtaka uthibitishe biashara. Mimi naliona hili kuwa kubwa kuliko kushusha miaka, kwa sababu ndilo linaloamua hati itaandikwa kifungu gani pale kituoni, usiku, bila wakili.

Neno "isiyopungua" litolewe kwenye faini. Faini ya milioni 50 kwa mfuko wa bangi haimpi mtu hiari yoyote. Imeandikwa kama hiari na inafanya kazi ya kifungo.

Na kifungu cha mpito: aliyehukumiwa kabla ya siku ya kuanza kutumika aruhusiwe kuomba hukumu upya katika mahakama iliyomhukumu, na magereza yapeleke orodha ya majina kwa msajili ndani ya muda uliotajwa. Msiwaachie wafungwa wenyewe waandike. Asiye na kalamu hatafika.

Watanzania mlio humu, angalieni pia kifungu cha 15A cha sheria yenu ya dawa za kulevya, kilichoongezwa 2017. Kiliweka miaka 30 kwa uzito mdogo badala ya maisha. Ni nafuu kwa karatasi, lakini swali la mstari ni lile lile.

---

Msaidizi wa Sheria, Kilifi

Nimeandika yote. Swali dogo la mwisho: yule kijana wa gramu 120, kesi ikitajwa Jumatatu na mizani haijaletwa, tuombe nini siku hiyo?

---

Mizani na Sampuli

Ombeni kipimwe upya mbele yake, bila karatasi, bila mabua, na namba iandikwe yenye nukta moja ya desimali. Ombeni kabla ya amri ya kuteketeza kielelezo haijatolewa. Kikishachomwa, "takriban" ndiyo itakayobaki kwenye faili.